Mafiga Matatu ya Bei: Mafunzo ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa Mlaji



Kila mara bei ya unga, sukari au mafuta inapopanda kwa ghafla, huulizwa swali lile lile: kwa nini Serikali isitoe amri moja, ikataja bei, na mambo yakaisha? Swali hili ni la haki. Mtu aliyekwenda dukani na fedha za kununulia kilo mbili, akarudi nyumbani na kilo moja, hana haja ya nadharia za uchumi. Ana watoto wanaosubiri kula.

Hata hivyo, jibu lake halitoshi kusemwa kwa neno moja. Tumeona afadhali tulieleze kwa mfano wa nchi moja iliyowahi kutoa amri hiyo kwa karibu kila bidhaa iliyouzwa madukani, ikaisimamia kwa miaka minne, kisha ikaiacha. Nchi hiyo ni Marekani, na wakati wenyewe ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tumeichagua kwa sababu kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri, na kwa sababu mafanikio yake na makosa yake yanaonekana waziwazi.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Katika sura hii tutaona kwamba amri ya bei ni figa moja tu. Figa la pili ni bidhaa zenyewe na namna zinavyogawanywa. La tatu ni kazi na mishahara. Mwisho tutaeleza nafasi ya mlaji, maana bila yeye hata mafiga matatu yakiwapo chungu hakichemki.

Kwa nini vita hupandisha bei

Mwaka 1940, kati ya kila Wamarekani 100 waliokuwa tayari kufanya kazi, karibu 15 hawakuwa na ajira. Kufikia mwaka 1944 aliyekosa kazi alikuwa takriban mmoja katika mia. Viwanda vya silaha, meli na ndege viliajiri wanaume kwa wanawake, na familia nyingi zilizokuwa zimezoea dhiki zilianza kupata mshahara wa uhakika kila wiki.

Lakini mshahara huo ulikuta rafu zinapungua. Mnamo Februari 1942 viwanda vya magari viliacha kutengeneza magari ya raia, vikageukia vifaru, injini za ndege na malori ya jeshi. Chuma, shaba na nguo nzito vilikwenda vitani. Meli zilizokuwa zikileta kahawa na sukari zilihitajika kubeba askari na silaha, na nyingine zilizamishwa baharini.

Fedha zikiongezeka mifukoni na bidhaa zikipungua madukani, kila muuzaji hugundua upesi kwamba akiongeza bei bado atapata mnunuzi. Mwaka 1942 wastani wa bei za mahitaji ya nyumbani ulikuwa juu ya ule wa 1941 kwa karibu asilimia 11. Pasipo hatua yoyote, mwenye fedha angelikula na asiye nazo angelilala njaa, ilhali watoto wa wote wawili wako vitani.

Figa la kwanza: bei

Mnamo Aprili 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, Rais Franklin Roosevelt aliunda chombo cha kusimamia bei na mahitaji ya raia. Baadaye mwaka huo chombo hicho kilikuja kujulikana kama Ofisi ya Usimamizi wa Bei, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa mchumi Leon Henderson. Mwanzoni ofisi hiyo ilikuwa na uwezo mdogo. Aghalabu iliwasihi wafanyabiashara badala ya kuwaamuru. Sheria iliyoipa nguvu kamili ilitiwa saini tarehe 30 Januari 1942.

Tarehe 28 Aprili 1942 ilitolewa amri kuu. Ilisema kwamba muuzaji yeyote asiuze bidhaa kwa bei inayozidi bei ya juu kabisa aliyotoza yeye mwenyewe katika mwezi wa Machi mwaka ule. Amri hiyo ilikuwa rahisi kuitangaza, lakini ilikuwa ngumu kuitekeleza, na ni vyema mlaji aelewe sababu zake.

Kwanza, kila duka lilikuwa na bei yake ya kikomo. Mama aliyekwenda kununua maharage ya kopo hakuwa na njia ya kujua duka lile lilitoza kiasi gani mwezi Machi. Alilazimika kuliamini neno la muuzaji. Pili, mfanyabiashara aliyekuwa amepandisha bei mapema alinufaika, na yule aliyewahurumia wateja wake akafungwa na bei ya chini. Tatu, mazao mengi ya shambani yaliachwa nje ya amri kwa kuwa sheria iliwalinda wakulima. Chakula kikaendelea kupanda, na chakula ndicho kinachomaliza mshahara wa mtu wa kawaida.

Ilikuwapo pia njia ya kupandisha bei bila kuigusa. Muuzaji aliacha bei ile ile, akapunguza ubora: kitambaa kikawa chepesi zaidi, au nyama ikauzwa na mafuta na mifupa mingi kuliko zamani. Mnunuzi alilipa fedha zile zile kwa kitu kidogo zaidi. Tunalitaja jambo hili kwa msisitizo kwa sababu halikwisha na vita. Hadi leo ni njia nyepesi ya kumdhulumu mlaji asiyeangalia uzito.

Serikali ilijifunza kutokana na makosa hayo. Mnamo Oktoba 1942 Bunge liliruhusu mazao ya shambani yaliyokuwa yameachwa yawekwe chini ya udhibiti. Tarehe 8 Aprili 1943 Rais aliagiza bei na mishahara ishikiliwe pale ilipo. Kuanzia mwaka huo orodha za bei za vyakula, zikiwa zimeandikwa kwa dola na senti, zilitolewa kwa miji na maeneo mbalimbali, na wenye maduka walitakiwa kuzibandika mahali pa kuonekana. Serikali ililipa pia ruzuku kwa wasindikaji wa nyama na siagi ili bei ya dukani ishuke pasipo mzalishaji kupata hasara. Matokeo yalionekana: kati ya mwaka 1943 na 1945 wastani wa bei ulipanda kwa takriban asilimia 4 tu, ingawa vita vilikuwa vimepamba moto.

Figa la pili: bidhaa na mgawo wake

Amri ya bei peke yake huleta hatari nyingine. Bidhaa adimu ikiuzwa kwa bei nafuu, anayewahi ndiye anayepata. Mwenye nafasi ya kupanga foleni tangu alfajiri hujaza ghala lake, na mfanyakazi anayetoka kiwandani jioni hukuta rafu tupu. Kwa hiyo Serikali ilipoweka kikomo cha bei ililazimika kuweka na kikomo cha kiasi.

Bidhaa ya kwanza kugawiwa ilikuwa matairi, mwanzoni mwa Januari 1942. Japani ilikuwa ikisonga mbele kuelekea Malaya na visiwa vya Indonesia, vilivyokuwa chini ya Uholanzi, na huko ndiko mpira mwingi wa Marekani ulikotoka. Mwezi Mei ikafuata sukari. Kila mtu, hata mtoto mchanga, alipewa kitabu cha kuponi, na mgawo ulikuwa nusu ratili ya sukari kwa wiki, yaani takriban gramu 227. Kuanzia Novemba 1942 kahawa iligawiwa ratili moja kwa kila wiki tano, na watoto wadogo hawakupewa.

Petroli iligawiwa nchi nzima kuanzia Desemba 1942. Wengi walishangaa, kwa kuwa Marekani ilikuwa na mafuta yake. Shabaha ilikuwa kuokoa matairi: gari lisipotembea, tairi halilikii. Tunaona hapa kwamba bidhaa inayodhibitiwa huenda isiwe ile iliyoadimika hasa, na kwamba Serikali isipoeleza sababu, wananchi huiona amri kuwa ni ukorofi mtupu.

Mnamo Machi 1943 ulianza utaratibu wa pointi kwa vyakula vya makopo, kisha nyama, mafuta ya kula na jibini. Kila bidhaa ilikuwa na bei mbili: bei ya fedha na bei ya pointi. Kwa vyakula vya makopo kila mtu alipewa pointi 48 kwa mwezi, akawa huru kuzitumia apendavyo. Chakula kilichoadimika kilipandishiwa pointi na kilichokuwa tele kilipunguziwa. Kwa njia hiyo tajiri na maskini walifika kaunta wakiwa na uwezo uliolingana angalau kwa upande mmoja.

Kazi hii haikufanywa na maofisa wa mji mkuu peke yao. Bodi za bei na mgawo zaidi ya 5,000 ziliundwa kote nchini, na wajumbe wake walikuwa raia wa kujitolea wa mahali pale. Hilo lilikuwa na faida, kwa kuwa jirani anajua ni nani kweli anahitaji tairi jipya ili afike hospitalini kazini. Lilikuwa na kasoro pia, kwa kuwa jirani anaweza kumpendelea rafiki yake, na katika majimbo mengi Wamarekani weusi hawakupewa nafasi ya haki katika bodi hizo.

Figa la tatu: kazi na mishahara

Bei ya kitu hubeba ndani yake ujira wa aliyekitengeneza. Serikali ikizuia bei na kuacha mishahara ipande pasipo mpaka, kiwanda hufunga au huvunja amri. Ikizuia mishahara na kuacha bei, mfanyakazi hufa njaa. Ndiyo sababu mambo haya mawili yalishughulikiwa pamoja.

Bodi ya Taifa ya Kazi Wakati wa Vita iliundwa Januari 1942. Mwezi Julai mwaka huo iliamua kwamba nyongeza za jumla za mishahara zisizidi asilimia 15 juu ya viwango vya Januari 1941, kiasi kilichokadiriwa kufidia kupanda kwa gharama za maisha. Waajiri waliokuwa wakigombea mafundi walitafuta mwanya: kwa kuwa hawakuruhusiwa kuongeza mshahara, walitoa bima ya afya. Utaratibu wa Wamarekani wengi kupata bima kupitia kwa mwajiri ulikuzwa sana na amri ile ya vita. Hivyo udhibiti huacha alama mahali ambapo hakuna aliyekusudia.

Mnamo Aprili 1942 iliundwa Tume ya Nguvu Kazi ya Vita chini ya Paul McNutt. Ofisi za ajira za umma, ambazo kabla ya hapo ziliendeshwa na majimbo, zilikuwa zimewekwa mikononi mwa Serikali Kuu tangu Januari mwaka ule, na baadaye zikaunganishwa na Tume hiyo. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza mtu palipo na upungufu. Katika maeneo mengi mfanyakazi wa kiwanda muhimu hakuweza kuajiriwa kwingine bila cheti cha kuonyesha kwamba ameruhusiwa kuondoka. Serikali yenyewe ikawa mwajiri mkubwa: watumishi wake wa kiraia, waliokuwa karibu milioni 1 mwaka 1940, walizidi milioni 3 kufikia 1943. Wengi waliajiriwa kwa masharti ya muda wa vita tu, wakajua tangu siku ya kwanza kwamba amani itakapokuja ajira itakwisha.

Suala la nani aajiriwe lilikuwa zito. Kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph alitishia kuongoza maandamano makubwa ya Wamarekani weusi hadi Washington. Tarehe 25 Juni 1941 Rais alitoa amri ya kukataza ubaguzi wa rangi katika viwanda vya ulinzi na katika utumishi wa Serikali. Amri hiyo haikumaliza ubaguzi, lakini iliwafungulia watu wengi milango iliyokuwa imefungwa.

Jambo moja zaidi linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Bunge la Marekani halikukubali kupitisha sheria ya kuwalazimisha raia kufanya kazi viwandani. Tanganyika hali ilikuwa tofauti. Japani ilipoiteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nchi za Ushirika zilipoteza nyuzi za kusokotea kamba za meli, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya thamani kubwa ya kivita. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatwaa watu kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya mkonge na mpira, kwa ujira mdogo. Yeyote anayesifu udhibiti wa wakati wa vita hana budi kuuliza pia ni nani aliyebeba mzigo wake bila kuulizwa.

Mlaji mwenyewe

Hakuna serikali yenye wakaguzi wa kutosha kusimama katika kila duka. Ofisi ya Usimamizi wa Bei ililijua hilo, ikawaomba wananchi watoe ahadi yenye mambo mawili: kutolipa zaidi ya bei halali, na kutopokea bidhaa ya mgawo pasipo kutoa kuponi. Ahadi ilibandikwa madirishani. Wanawake wa kujitolea walitembelea maduka, wakalinganisha bei zilizoandikwa na zile zilizotozwa.

Sheria nayo ilimpa mlaji silaha ya kweli. Aliyetozwa zaidi ya kikomo kwa kitu cha matumizi yake mwenyewe aliweza kwenda mahakamani akadai mara tatu ya fedha alizozidishiwa, au dola 50, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa mtu aliyezidishiwa senti chache, dola 50 ilikuwa sababu ya kutosha ya kutunza risiti.

Hata hivyo, magendo yalikuwapo. Nyama iliuzwa kwa mlango wa nyuma, na kuponi za petroli zilighushiwa kwa wingi. Hatuna budi kusema kweli: kila nyama ya magendo ilikuwa na mnunuzi. Mlanguzi hufanya biashara kwa sababu kuna mtu aliye radhi kumpa fedha na kunyamaza.

Figa lilipoondolewa

Vita vilikwisha mwaka 1945, na watu walichoka na vitabu vya kuponi. Sehemu kubwa ya mgawo ilifutwa haraka, lakini kikomo cha bei kikabaki. Sheria ya bei iliachwa ikaisha muda wake tarehe 30 Juni 1946, baada ya Rais Harry Truman kukataa sheria mpya aliyoiona kuwa dhaifu. Bei zikaruka mwezi Julai. Sheria nyingine ilipitishwa mwishoni mwa mwezi huo, lakini wafugaji walizuia mifugo yao wakingoja bei ipande, na vuli ile nyama ikatoweka buchani. Tarehe 14 Oktoba Truman aliondoa udhibiti wa nyama, na mwezi Novemba akaondoa karibu udhibiti wote uliobaki, isipokuwa wa vitu vichache kama kodi za nyumba na sukari. Kufikia mwisho wa mwaka 1946 bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 18 katika muda wa miezi 12.

Wako wanaosema tukio hilo linaonyesha kwamba udhibiti ulikuwa wa lazima, na wako wanaosema udhibiti uliahirisha tu kile ambacho kingetokea. Sisi tunaona funzo jingine. Kikomo cha bei kiliheshimiwa pale kilipoambatana na mgawo na mishahara iliyodhibitiwa, tena watu wakijua kwa nini wanajinyima. Kilipobaki peke yake, kilidumu mwaka mmoja tu.

Yanayomhusu mlaji leo

Hatumo vitani, na nchi yetu ina sheria zake na mazingira yake. Lakini serikali yoyote ikitangaza bei ya kikomo kwa bidhaa fulani, kwa sababu ya ukame, maradhi au vita vya mbali vinavyokatiza njia za meli, mlaji anaweza kujiuliza maswali haya:

1. Je, bei hiyo imetangazwa kwa takwimu zinazosomeka, na imebandikwa dukani? Bei isiyojulikana kwa mnunuzi haimlindi.

2. Je, bidhaa ipo? Ikitoweka siku chache baada ya tangazo, yamkini imefichwa, au bei iliyowekwa haimwezeshi mzalishaji kuileta sokoni. Hali hizi mbili zinahitaji tiba tofauti, na taarifa yako huisaidia mamlaka husika kuzitenganisha.

3. Je, uzito na ubora ni ule ule? Pima, soma lebo, linganisha na ulichonunua mwezi uliopita.

4. Je, umepewa risiti? Bila risiti, malalamiko yako ni neno lako dhidi ya neno la muuzaji.

5. Je, unanunua kiasi unachohitaji? Anayejaza magunia chumbani kwa kuhofia uhaba anauleta uhaba wenyewe mapema, na jirani yake ndiye anayeulipia kwanza.

Ukiona bei imezidi kikomo kilichotangazwa, usigombane na muuzaji. Andika jina la duka, tarehe, bidhaa, uzito na bei uliyotozwa, ambatisha risiti, kisha upeleke taarifa kwa mamlaka husika iliyo karibu nawe. Mwaka 1943 mama wa nyumbani aliyeingia dukani na penseli na orodha ya bei alitusaidia kujua jambo ambalo maofisa waliokaa ofisini hawakuweza kulijua: nini hasa kilichotokea mbele ya kaunta. Kazi hiyo bado inamhitaji mlaji.